"Unafanyaje kazi ukiwa kwenye presha?" Swali hili linatuangusha kwenye usaili. Wana Kigoma na Tabora, tusaidiane hapa

Mwanga Sokoni (mwanzisha uzi)

Habarini za jioni wanajukwaa.

Niko Kigoma mjini, kazi yangu ni ya utumishi, na mara kwa mara naitwa kukaa kwenye paneli za usaili hapa mjini na huko wilayani. Kuna swali moja linaangusha vijana wetu kuliko hata maswali ya taaluma zao. Linakuja kwa sura nyingi. "Unafanyaje kazi ukiwa kwenye presha?" "Tuambie siku uliyozidiwa na kazi." "Umepewa kazi tatu, zote zinatakiwa saa kumi jioni, unaanza na ipi?" "Mteja anakufokea mbele ya foleni, unafanyaje?" Swali ni lile lile.

Na majibu tunayopewa ni yale yale: "Mimi naweza kufanya kazi katika mazingira yoyote na bila kusimamiwa." Sentensi hiyo imo kwenye barua ya maombi, imo kwenye wasifu, na mtu anakuja kuirudia mbele ya meza kwa kujiamini kabisa. Inaniuma, maana unamtazama kijana unaona wazi kwamba kichwa anacho, lakini kwenye karatasi ya alama huna cha kuandika. Kwenye paneli nilizokaa kila msaili anaandika alama zake mwenyewe, swali kwa swali, ndipo zinajumlishwa. Huruma yangu haina mahali pa kujazwa. Kinachojazwa ni ulichosema.

Wasaili wanatafuta nini? Wanataka waone jinsi unavyochagua. Mambo yakikujia kwa pamoja, uliona lipi ndilo la hatari zaidi, ukaliacha lipi lisubiri, ulimwambia nani, na mwisho wake ukawaje. Ukiyasema hayo manne kwa tukio moja la kweli, umeshajibu. Mtindo huu wa kuomba mtu asimulie tukio haukuanza jana. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Flanagan, aliuandikia mwaka 1954 baada ya kazi aliyofanya na marubani wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili: badala ya kuuliza rubani mzuri anakuwaje, walikusanya matukio yenyewe, fulani alifanya nini ndege ilipopata shida. Sifa kila mtu anaweza kujipa. Tukio ni gumu kulitunga papo hapo, maana msaili akichimba kidogo tu linabomoka.

Sasa tatizo la huku kwetu. Vijana wengi wanaamini kwamba kama hukukaa ofisini, huna cha kusimulia. Kuna kijana alikuja kwenye usaili wa nafasi ya karani wa stoo, akaulizwa swali hili, akajibu, "Sina uzoefu, nilikuwa tu nasaidia pale mwaloni Kibirizi." Mwenzangu kwenye paneli akamwambia hebu tuambie hiyo ya Kibirizi. Nayaandika aliyosema, nimebadilisha mambo madogo asitambulike:

"Nilikuwa namwandikia hesabu mnunuzi wa dagaa. Ilikuwa Mei 2024, siku chache kabla Ziwa Tanganyika halijafungwa kwa uvuvi, kila mtu anautafuta mzigo. Asubuhi hiyo tulikuwa na dagaa wa jana wanakaribia kukauka, na wa alfajiri ile wabichi kabisa, ndio kwanza tumewatandaza. Lori la Dar linasubiri, dereva anapiga honi. Wingu likafunga. Bosi simu yake haipatikani, vibarua tunao wachache. Nikawaambia waache wabichi, wote tuhamie kwa wa jana. Hawa wakilowa wanabadilika rangi na harufu na bei inakufa, wabichi tunaweza kuwaanika tena. Nikamfuata dereva nikamwambia mzigo wa leo ni nusu, uliobaki hautakuwa tayari, aamue kuondoka au kulala. Nikamtumia bosi meseji, nimeamua hivi kwa sababu hii. Mvua ilinyesha. Wa jana tuliwaokoa karibu wote, wabichi wengine waliharibika. Lori liliondoka na nusu. Baadaye nikamwomba bosi maturubai yawe yanakaa pale pale mwaloni, yasikae stoo."

Hapo kalamu zilianza kutembea. Tazameni alivyofanya. Kachagua, na sababu ya kuchagua kaisema. Kampa dereva habari mbaya mapema, wala hakumwambia "subiri kidogo" mpaka jua linazama. Bosi kamwandikia ili akiwasha simu asikutane na maneno ya watu kwanza. Na kakubali mbele yetu kwamba dagaa wengine waliharibika. Wengi wangekificha kipande hicho, mimi ndicho kilichonifanya nimwamini katika mengine yote. Halafu yale maturubai. Mtu aliyepita kwenye presha na akatoka na wazo la kuipunguza kesho ni mtu wa kuajiri.

Haya aliyasema kwa muda wa kama dakika mbili, kwa Kiswahili cha kawaida cha mwaloni.

Karibuni. Mwenye swali aulize, mwenye jibu alilowahi kutoa aliweke hapa tulitazame pamoja.

---

Binti wa Ujiji

Asante mkuu. Mimi niliulizwa nikajibu "napenda sana presha, ndiyo inanifanya nifanye kazi vizuri". Niliona wanatazamana. Nilikosea wapi? Maana hata mtandaoni wanafundisha hivyo.

---

Mwanga Sokoni

Dada yangu, ndani ya jibu lako kuna ukweli. Yerkes na Dodson walionesha tangu 1908, kwa majaribio ya panya, kwamba msukumo kidogo unasaidia kujifunza, lakini ukizidi, kazi ngumu ndiyo inayoharibika kwanza. Na sisi wenyewe tunajua: siku ya mwisho ya ripoti watu wanaandika haraka, lakini makosa nayo yanaongezeka.

Walitazamana kwa sababu mtu anayesema anapenda presha anawapa wasiwasi wa aina mbili. Ama hajawahi kubanwa sawasawa, ama ni wale wa kulaza kazi mpaka siku ya mwisho. Sema hivi: "Presha ya kawaida inanisaidia kuwa makini. Nikiona inazidi, naandika kazi zote kwenye karatasi, naanza na ile yenye madhara makubwa ikichelewa, na namwambia msimamizi ipi haitafika kwa wakati." Kisha hapo hapo weka tukio. Bila tukio maneno hayo nayo yanageuka kuwa wimbo wa kukariri.

---

Mnyamwezi wa Urambo

Mkuu umegusa penyewe. Mimi nimekuwa karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya tumbaku. Siku ya soko wakulima wamelala pale na marobota yao, mizani moja, wanunuzi wana haraka, na kila mkulima anaamini lake limeonewa daraja. Sikuwahi kufikiria kwamba hiyo ni habari ya kusema kwenye usaili wa benki.

---

Mwanga Sokoni

Hiyo ni dhahabu kabisa kaka, hasa kwa benki. Kaunta ya benki tarehe za mishahara ni soko la tumbaku lenye kiyoyozi. Ila usiishie kwenye kusimulia vurugu. Wengi wakipewa nafasi wanatumia muda wote kueleza jinsi hali ilivyokuwa mbaya, wao wenyewe hawaonekani. Hali ipe sentensi mbili. Muda uliobaki ni wako: mkulima alipokuja juu wewe ulisema nini hasa? Ulimpeleka pembeni? Ulimwonesha daftari? Uliisimamisha mizani au uliendelea kupima wengine huku yeye akisubiri mwenyekiti? Hayo ndiyo nataka kuyasikia.

---

Mnyamwezi wa Urambo

Kuna mzee alishika robota lake akagoma lisiondoke kwenye mizani. Foleni nyuma yake inapiga kelele. Sikubishana naye kuhusu daraja, maana mimi si mteuzi wa tumbaku. Nilimwambia baba, uzito huu tuuandike wote wawili tukiona, hapa hakuna ubishi, halafu suala la daraja nakuitia mwenyekiti sasa hivi. Akaona namba nimeziandika sawa na alivyosoma yeye. Akashusha mkono. Robota tukaliweka pembeni peke yake na jina lake, mizani ikaendelea.

---

Mwanga Sokoni

Wadau, rudieni kusoma hapo juu. Kalitenganisha lisilo na ubishi na lenye ubishi, akalimaliza la kwanza papo hapo, la pili akampelekea mwenye mamlaka nalo. Ningeulizwa mimi ningempa alama zote. Kaka, liandike lote kama ulivyoliandika hapa, usilipambe hata neno.

---

Sista wa Zamu

Niongeze la upande wetu wa afya, niko Tabora. Wadogo zangu wauguzi wanaotoka vyuoni wanajibu swali hili kwa kujisifu: "Nilibaki peke yangu usiku na wagonjwa wote, nikawahudumia wote." Wanadhani wanasifiwa. Sisi tukilisikia hilo tunaogopa. Wodini, ukizidiwa, jambo la kwanza ni kujua nani anaweza kufa akisubiri, na la pili ni kuita msaada kabla hujachelewa. Mwenye kupumua kwa shida anatangulia, aliyekuja kubadilishiwa dawa ya kidonda atasubiri na unamwambia kwamba atasubiri. Daktari wa zamu unampigia hata kama ni saa tisa usiku na unajua atakuja amenuna. Na unaandika kwenye faili saa uliyompigia.

Mimi nikiwa upande wa kuuliza huwa nafuatia hivi: "Ulimwita nani?" Ukinijibu hukumwita mtu, nakuuliza kwa nini. Msione aibu kusema mliomba msaada.

---

Mwanga Sokoni

Sista ubarikiwe. Hili si la hospitali peke yake. Ni sawa kwa mhasibu, kwa mwalimu, kwa mtu wa ghala. Vijana wamelelewa kuamini kwamba kusema "nimezidiwa" ni udhaifu. Kazini mtu hatari ni yule anayekaa kimya mpaka siku ya mwisho ndipo aseme hakumaliza.

---

Katonga Nyumbani

Samahani wakuu, nisiwakatishe tamaa, lakini kazi zina wenyewe. Unaweza kujibu vizuri kuliko wote na akachukuliwa mtoto wa fulani. Haya mafunzo yanawasaidia nini watu?

---

Mwanga Sokoni

Ndugu, uchungu wako nauelewa na sitakuambia kwamba upendeleo haupo. Ila nikuambie kinachotokea mezani. Ukitoa jibu lenye tukio, msaili mwaminifu anapata maandishi ya kukutetea. Mwenzake akitaka kumpitisha mtu wake, anaulizwa: huyu kasema nini kuzidi yule? Nimeshuhudia mabishano ya aina hiyo yakimalizwa na karatasi. Ukijibu kwa ujumla umemwachia kila mtu nafasi ya kuamua anavyotaka, na hata yule aliyekupenda hana silaha.

Kwa wanaoomba serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira, mnajua kuna mchujo wa kuandika kabla ya mahojiano, na kwa kada nyingine kuna vitendo. Mtu amepita kuandika kwa jasho lake, halafu anafika mahojiano na sentensi ya kukariri. Hapo ndipo panapouma zaidi.

---

Kasulu Kwetu

Swali mkuu. Mimi nimefanya kazi na mashirika upande wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wakati mwingine wakikuuliza presha wanakupima kama utakubali kufanyishwa kazi mpaka usiku na Jumapili. Ukijibu vizuri unaajiriwa halafu unaumia. Tujibuje?

---

Mwanga Sokoni

Swali zuri sana, na nashukuru umelileta maana wengine wanaliogopa.

Kwanza sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 imeweka ukomo: saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, zinafanywa kwa makubaliano, hazitakiwi kuzidi 50 katika wiki nne, na malipo yake ni angalau mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Kwa hiyo presha ya msimu, kama siku za mgao au kufunga mwaka, ni sehemu ya kazi. Presha ya mwaka mzima ni ofisi kukosa watu, na hiyo huwezi kuitibu kwa uhodari wako. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliuingiza uchovu wa kazi uliopitiliza kwenye orodha yake mpya ya magonjwa kama hali inayotokana na mazingira ya kazi: mtu anaishiwa nguvu, anaichukia kazi yake, ufanisi unashuka.

Kwenye chumba cha usaili usianze kuwasomea sheria, watakuona mgomvi kabla hawajakujua. Jibu swali kwa tukio lako. Mwishoni wakikuuliza kama una swali, na karibu kila paneli huuliza, waulize hivi: "Kipindi chenu cha kazi nyingi ni kipi, na timu huwa inajipangaje?" Sikiliza kwa makini. Wakikuambia tunapeana zamu, tunaongeza vibarua, ni jambo jema. Wakicheka na kusema "hapa kila siku ni kazi nyingi", umeshapata habari yako, uamuzi ni wako.

---

Binti wa Ujiji

Na wakiuliza "ungefanyaje", yaani jambo ambalo halijawahi kunitokea?

---

Mwanga Sokoni

Usiharakishe. Uliza swali moja la kufafanua kama lipo: "Kati ya hizo kazi tatu, kuna ambayo mtu mwingine anaisubiri ili aendelee na yake?" Swali hilo lenyewe linaonesha unavyofikiri. Kisha taja mpangilio wako na sababu. Kama una tukio linalofanana hata kwa mbali, liunganishe: "Hii hasa haijanitokea, ila nikiwa mafunzo kwa vitendo iliwahi kutokea hivi..."

---

Kaliua Stesheni

Wakuu nina usaili Ijumaa, nafasi ya mkusanya takwimu, mradi wa kilimo. Nimesoma uzi wote. Kazi niliyowahi kufanya ni karani wa sensa 2022 tu. Nimejaribu kuandika jibu, naomba mnisaidie:

"Mwaka 2022 nilikuwa karani wa Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika tarehe 23 Agosti ambapo nilipangiwa eneo lenye changamoto nyingi za kijiografia na miundombinu. Pamoja na changamoto hizo niliweza kupambana na kuhakikisha kazi inakamilika kwa ufanisi mkubwa na kwa wakati kwa kushirikiana na viongozi wa eneo husika."

---

Mwanga Sokoni

Mdogo wangu, hongera, umechagua tukio zuri na linaendana na kazi unayoomba. Lakini hapo juu nimeona hotuba, wewe sijakuona. Futa "changamoto", futa "ufanisi mkubwa". Niambie: siku gani ilikuwa mbaya kuliko zote, na ni nini hasa kilitokea?

---

Kaliua Stesheni

Siku ya tatu. Kishikwambi kilibaki na chaji kidogo, benki ya chaji nayo imekwisha, kitongoji hakina umeme. Zimebaki kaya upande wa mashambani, watu wanatoka alfajiri kwenda shamba na wanarudi jioni. Msimamizi anapiga simu anataka idadi. Nilizima mwanga wa kioo, nikafunga kila kitu, nikamwomba mwenyekiti wa kitongoji anionyeshe kaya ambazo wenyewe wapo muda huo nianze nazo, za mashambani nikaziacha za jioni. Nikampigia msimamizi nikamwambia leo sitafikisha idadi, nitabakiza kaya kadhaa na nitazimaliza kesho alfajiri kabla hawajatoka. Akanifokea, halafu akakubali. Usiku nikaenda kuchaji kwa mtu mwenye sola dukani. Alfajiri nikazimaliza.

---

Mwanga Sokoni

Hilo ndilo jibu. Lilivyo. Usiliguse tena.

Mambo madogo tu. "Akanifokea" unaweza kuiacha, ila isemwe bila kinyongo: "hakufurahi, lakini alikubali". Jina la msimamizi usilitaje. Ongeza sentensi moja mwishoni ya ulichobadilisha baada ya siku ile, kama kweli ulibadilisha kitu. Kama hukubadilisha, usitunge.

Lisome kwa sauti kwa mtu wa nyumbani, mwambie akukatishe katikati na kukuuliza "kwa nini?" Hivyo ndivyo wasaili wanavyofanya, na asiyezoea anadhani wamemkasirikia. Kama usaili utakuwa kwa Kiingereza, lisimulie tukio lile lile kwa sentensi fupi. Usilitafsiri kutoka kwenye karatasi, utanaswa kwenye neno moja na kupoteza mengine yote.

---

Kaliua Stesheni

Asante sana kaka. La mwisho: nikitetemeka na kusahau je?

---

Mwanga Sokoni

Waambie, "Naomba sekunde chache nijipange." Hakuna msaili mwenye akili atakayekunyima, na mimi binafsi nimewahi kumpa mtu alama nzuri kwa utulivu wa namna hiyo, maana alikuwa analijibu swali la presha mbele yetu bila kujua. Kunywa maji kama yapo, anza na mahali na mwaka: "Ilikuwa 2022, Kaliua." Ukishavitaja hivyo viwili, mengine yatafuata yenyewe kwa sababu yalikutokea.

Fika mjini Alhamisi, usitegemee usafiri wa asubuhi ile ile. Vyeti halisi na kitambulisho viweke kwenye bahasha leo hii. Na ukitoka, tuandikie hapa swali walikuuliza kwa sura gani. Sista na Mnyamwezi, nanyi mkipata majibu mengine ya wadogo zetu yaleteni. Nitakuwa naingia kila jioni.

---

Sista wa Zamu

Nipo. Kuna wawili wa chuoni nimewaambia waandike ya kwao kesho.